Kwa Nini Daktari wa Akili Anahitaji Chama

Kazi yetu haina picha ya eksirei. Daktari wa mifupa akiwa na shaka, huiinua picha kwenye mwanga na mwenzake akaiona vilevile. Mimi nikishazungumza na mgonjwa na kusema ana skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo), au baipola (furaha ya kupindukia na huzuni kuu zikipokezana), au sonona iliyofikia hatua ya kutisha, hakuna kipimo cha damu cha kunithibitisha wala kunikanusha. Vipimo ninavyoagiza ni vya kuondoa sababu nyingine: tezi ya shingo, kaswende, maambukizi ya ubongo, dawa za kulevya. Kinachobaki ni nilichosikia, nilichoona, na jinsi nilivyofundishwa kuvipima. Juu ya hayo, sheria za nchi nyingi zinanipa uwezo ambao madaktari wengi hawana: kwa maoni yangu na saini yangu, mtu anaweza kulazwa wodini bila ridhaa yake.

Mwenye uwezo wa namna hiyo, tena anayeutumia katika chumba kilichofungwa mlango, anahitaji macho ya wenzake. Ndiyo sababu nalipa ada ya chama cha madaktari wa akili kila mwaka, na ndiyo sababu nawasihi madaktari walioko kwenye mafunzo ya ubingwa wajiunge mapema.

Fomu yangu ya kwanza niliijaza kwa kuwa mwalimu wangu aliiweka mezani akasema, "Dokta, saini hapa." Wakati huo nilizijua faida zile zinazoandikwa kwenye vipeperushi: jarida la kitaaluma, punguzo la kiingilio kwenye makongamano, pointi za elimu endelevu, cheti cha kutundika ukutani. Zote ni za kweli na sizidharau. Ila si hizo zilizonifanya nibaki.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, nalo nalisema kwa kifupi. Baraza linalotoa leseni na chama cha kitaaluma ni vitu viwili. Baraza lipo kwa ajili ya kumlinda mwananchi: linasajili, linapokea malalamiko, linaweza kukufutia leseni. Uanachama wa chama kwa kawaida ni hiari, na kazi yake ni kuifanya taaluma iwe bora kuliko kile kiwango cha chini ambacho baraza linakidai. Mbele ya baraza unajibu. Chamani unauliza.

Na mimi niliuliza sana. Tawi letu lilikuwa na kikao cha kila mwezi cha kujadili wagonjwa, bila majina wala jambo lolote la kumtambulisha mtu. Nilipeleka habari za kijana mmoja mwenye skizofrenia ambaye dawa mbili tofauti, kwa dozi kamili na muda wa kutosha, hazikumsaidia. Sauti alizokuwa akizisikia hazikunyamaza. Nilijua kutoka vitabuni kwamba mahali hapo dawa inayofuata ni klozapini, na nilijua pia kwa nini madaktari wengi huikwepa. Mwaka 1975 huko Ufini wagonjwa kadhaa walioitumia walifariki baada ya chembechembe zao nyeupe za damu kushuka hadi mwili ukashindwa kupambana na maambukizi, na dawa ikaondolewa katika nchi nyingi. Ilirudi baada ya utafiti wa John Kane na wenzake uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1988: kati ya wagonjwa ambao dawa nyingine ziliwashinda, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini ndani ya wiki 6, wakati kwa waliopewa klorpromazini, dawa ya zamani ya ugonjwa huo, walikuwa asilimia 4 tu.

Mambo hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Ila sikuwa nimewahi kumwanzishia mtu dawa hiyo nikiwa mimi ndiye mwenye dhamana. Wenzangu walinipitisha hatua kwa hatua: kuanza na dozi ndogo sana, kupanda polepole, kupima damu kila wiki katika miezi ya mwanzo, mgonjwa akipata homa au koo likimuuma asisubiri tarehe ya kliniki. Halafu mama mmoja, daktari mkongwe aliyekuwa kimya muda wote, akaniuliza, "Na choo, Dokta, anapata?"

Baadhi yetu tulishangaa. Yeye akaeleza kwamba tunaiogopa damu kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa, lakini klozapini hupunguza mwendo wa utumbo, na mgonjwa aliyefunga choo kwa siku nyingi anaweza kufikia utumbo kuziba na kufa. Alikuwa amewahi kumpoteza mgonjwa hivyo. Alilisema mbele yetu sote, wakubwa kwa wadogo, kwa sauti ya kawaida, na tangu jioni ile sijamwandikia mtu klozapini bila kumuuliza habari za choo na kumpa dawa ya kulainisha mapema. Yule kijana aliivumilia dawa vizuri. Miezi kadhaa baadaye mama yake aliniambia kwamba mwanawe ameanza kubishana naye tena kuhusu mambo ya nyumbani, na alilisema kwa furaha kubwa, maana kwa miaka kijana alikuwa akibishana na watu ambao mama hakuwaona.

Hayo ya utumbo yamo kwenye vitabu, naam, lakini kitabu hakikujua kwamba mimi nilikuwa nahangaikia damu peke yake. Mtu aliyenisikiliza alijua. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka daktari kijana aielewe anapojiuliza kwa nini alipe ada wakati miongozo yote inapatikana bure kwenye intaneti.

Wakati mwingine chama kinabadilisha kazi ya watu wengi kwa mara moja, kitu ambacho daktari mmoja hawezi hata akijitahidi vipi. Valproeti ni mfano. Ni dawa nzuri ya kutuliza baipola na pia ya kifafa, lakini mama akiitumia akiwa na mimba, mtoto takriban 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 wanaweza kupata matatizo ya ukuaji wa akili. Waraka wa chama ulipotufikia, tulifungua madaftari ya kliniki zetu na kutafuta kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa aliyekuwa akiitumia. Tuliwaita, tukazungumza nao, wengi tukawabadilishia dawa. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema, "Mimi nitafanya mwakani."

Sasa niseme kuhusu kifo.

Madaktari wengi wa akili, mapema au baadaye, hupoteza mgonjwa kwa kujiua. Mafunzo yalinieleza jinsi ya kutathmini hatari. Hayakunieleza cha kufanya jioni ile simu inapoita. Mgonjwa wangu alikuwa amenifahamu kwa miaka. Nilipopata habari nilifanya yaliyonipasa kazini, nikaandika, nikatoa taarifa, nikawaona wauguzi ambao nao walikuwa wamevunjika moyo. Kisha nikajifungia ofisini na kulifungua faili lake, nikilisoma tangu mwanzo kama mwendesha mashtaka.

Mwenzangu wa chama alinipigia. Alikuwa katika kundi dogo la wanachama waliojitolea kuwa karibu na daktari aliyepatwa na msiba wa aina hiyo, na wote katika kundi hilo wamewahi kupatwa. Hakuniuliza habari za faili. Aliuliza kama nimekula, nani yuko nyumbani nami, na kama nimezungumza na familia ya marehemu. Nikamwambia naogopa kwenda kwao. Akasema, "Nenda. Usiende kujitetea, nenda ukahani. Wakikuuliza, wajibu unayoweza kuyajibu bila kuvunja siri za marehemu, na mengine waambie huyajui." Nilikwenda. Dada yake alilia, akanishika mkono, akaniuliza maswali ambayo mengine hayana jibu. Sijui ningelikuwa daktari wa namna gani leo kama ningeliikwepa nyumba ile.

Baadaye nilijiunga na kikundi cha Balint ambacho chama hukiendesha. Mtindo huu ulianzishwa na Michael Balint na mkewe Enid katika kliniki ya Tavistock, London, miaka ya 1950, wakiwa na madaktari wa kawaida wa jamii. Unamweleza mgonjwa wako kwa kinywa, bila faili. Kisha unasogeza kiti nyuma na kukaa kimya huku wenzako wakizungumza juu ya kile kilichokuwa kikipita kati yako na mgonjwa: hasira, huruma, woga, uchovu. Hawakupi dawa ya kuandika wala hawakusahihishi. Mara ya kwanza nilidhani ni kupoteza muda, kwa sababu sisi madaktari tumezoea kikao kinachoisha na uamuzi. Lakini huko ndiko nilikogundua kwamba tangu kile kifo nilikuwa nikiwalaza wagonjwa upesi kuliko ilivyohitajika, kwa woga wangu mimi, na wao ndio waliokuwa wakilipa kwa uhuru wao. Mtu hawezi kuliona jambo hilo peke yake. Linafanana mno na uangalifu.

Uhuru wa mgonjwa unanipeleka kwenye historia, ambayo nadhani kila mwanachama mpya angepaswa kufundishwa kabla ya kukabidhiwa kadi. Vyama vyetu vilianza na watu waliotaka kuonana. Mwaka 1841 madaktari wa hospitali za wagonjwa wa akili wa Uingereza waliunda chama ambacho leo ni Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili, na mikutano yao ya mwanzo ilifanyika ndani ya hospitali za wenzao, wakazitembelea wodi. Mwaka 1844 wakuu 13 wa hospitali kama hizo walikutana Philadelphia na kuanzisha kile ambacho baadaye kilikuwa chama cha madaktari wa akili cha Marekani. Wazo lilikuwa zuri: njoo uone ninavyowatunza, nami nije nione kwako.

Lakini kuwa na chama hakukuzuia mabaya. Nchini Ujerumani, chini ya utawala wa Hitler, mpango uliojulikana kama T4 uliwaua watu zaidi ya 70,000 kwa gesi kufikia Agosti 1941, wengi wao wagonjwa wa hospitali za akili, na madaktari wa akili ndio waliojaza fomu za kuwachagua. Ilipita miaka mingi hadi Novemba 2010 ndipo chama cha madaktari wa akili cha Ujerumani, kwa kinywa cha rais wake wa wakati huo, Frank Schneider, kiliomba radhi hadharani kwa wahanga na familia zao.

Katika Umoja wa Kisovieti watu waliopinga serikali walibandikwa ugonjwa ulioitwa skizofrenia inayokwenda polepole, wakafungiwa hospitalini. Mmoja wao alikuwa Jenerali Petro Grigorenko. Daktari kijana wa akili, Semyon Gluzman, alishiriki kuandika tathmini iliyoonyesha kwamba jenerali huyo alikuwa na akili timamu, na mwaka 1972 akahukumiwa miaka 7 ya kambi ya kazi na 3 ya uhamisho. Mwaka 1977 Chama cha Dunia cha Madaktari wa Akili kilikutana Honolulu, Hawaii. Huko kilipitisha Azimio la Hawaii, mwongozo wake wa kwanza wa maadili, na azimio la kulaani matumizi ya kisiasa ya taaluma yetu katika Umoja wa Kisovieti lilipita kwa kura 90 dhidi ya 88. Mwaka 1983, kabla ya kongamano la Vienna, chama cha Kisovieti kilijitoa, na kilirudi mwaka 1989 kwa masharti, baada ya kukiri kwamba maovu hayo yalikuwapo.

Kura mbili. Huwa nazifikiria kila ninaposikia mwenzangu akisema hahudhurii mkutano mkuu kwa sababu mambo yameshapangwa. Gluzman alikuwa bado kambini siku ile. Sauti yake ilibebwa na wanachama wa nchi nyingine ambao hawakumjua, waliokaa kwenye vikao virefu vya kuchosha, wakabishana juu ya maneno ya azimio na kusubiri hesabu.

Shinikizo lililonifikia mimi halina ukubwa huo, ila ni la jamii hiyohiyo. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, wataalamu wa usingizi walipungua, na uongozi ukapendekeza tiba ya umeme, yaani umeme kidogo unaopitishwa kwenye ubongo ili kuleta degedege fupi, iendelee bila dawa ya usingizi. Tiba ya umeme ikitolewa vizuri huokoa maisha; nimemwona mama aliyekuwa amekataa kula na kunywa akirudi kuwa mtu. Lakini kuitoa bila usingizi na bila dawa ya kulegeza misuli ni kumrudisha mgonjwa kwenye enzi za mwanzo wa tiba hiyo, mwaka 1938, wakati degedege lilipoweza kuvunja mifupa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema tiba ya namna hiyo iachwe. Nilikataa. Nikiwa peke yangu nilikuwa mwajiriwa mkaidi. Niliwaandikia viongozi wa chama, nao wakaandika kwa hospitali, wakaambatanisha viwango vya taaluma, na (hili ndilo ninalolishukuru zaidi) wakatafuta mtaalamu wa usingizi katika hospitali jirani aliyekubali kuja siku maalumu za wiki. Barua peke yake ingewaudhi. Barua pamoja na mtaalamu iliwaondolea tatizo.

Kanuni za maadili zimenilinda hata mbele ya kipaza sauti. Mtangazaji aliwahi kunitaka niseme kama kiongozi fulani wa siasa ana ugonjwa wa akili. Nilimweleza habari za mwaka 1964, ambapo jarida la Kimarekani lililoitwa Fact liliwauliza madaktari wa akili kuhusu mgombea urais Barry Goldwater, na 1,189 kati yao wakasema hafai, ilhali hawakuwa wamempima. Goldwater alilishtaki jarida hilo na kushinda. Mwaka 1973 chama cha Marekani kiliweka kanuni kwamba ni kinyume cha maadili kutoa maoni ya kitabibu kuhusu mtu maarufu usiyempima na ambaye hakukupa ruhusa. Wengine wanaona kanuni hiyo inatuziba midomo. Mimi naiona inawalinda wagonjwa wangu, maana kila mara jina la ugonjwa linapotumiwa kama tusi kwa mwanasiasa, aliyeko kwenye foleni ya kliniki ndiye anayeumia.

Si kila chama kinastahili ada yako, na nalisema hili nikikipenda chetu. Uliza nani anayelipia kongamano. Kampuni za dawa zikibeba gharama zote, na kila mhadhara wa mchana ukawa unaishia kwenye dawa moja mpya, basi wewe si mwanachama, ni mteja. Tazama kama hesabu za fedha zinasomwa mbele ya wanachama, kama viongozi hubadilika, kama daktari kijana anaweza kumpinga profesa akasikilizwa. La muhimu kuliko yote, tazama chama kinasema nini wagonjwa wanapofungwa minyororo au kupigwa mahali. Kikinyamaza, sijui kingine kinachoweza kukitetea.

Walio mbali na miji ndio ninaowaonea uchungu zaidi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha wahudumu 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000 duniani kwa wastani, na katika nchi za kipato cha chini hawakufika 2, tena hao ni pamoja na wauguzi na wanasaikolojia. Daktari wa akili akiwa peke yake katika eneo kubwa, kikao cha kila mwezi kwa njia ya mtandao si anasa. Tawi letu sasa limeweka utaratibu kwamba aliye mbali zaidi ndiye anayeanza kuzungumza, ili mtandao ukikatika awe ameshaleta mgonjwa wake. Vijana wetu ndio waliolipendekeza.

Siku hizi nakaa kwenye kamati inayoandika mwongozo kuhusu kumshika mgonjwa kwa nguvu na kumtenga chumbani. Ndani ya kamati wamo wauguzi, na wamo watu wawili waliowahi kushikwa na kutengwa, wenye kura sawa na zetu. Kazi inakwenda polepole kuliko nilivyotegemea, kwa sababu wao hawaturuhusu kuandika "inapobidi" na kupita; wanauliza imembidi nani, na nini kilijaribiwa kabla. Kipengele tunachobishania sasa kinasema kwamba baada ya kila tukio, mgonjwa apewe nafasi ya kueleza kilichotokea kwa maneno yake mwenyewe, na maelezo hayo yaingie kwenye faili lake bila kuhaririwa na daktari. Baadhi ya wenzangu wanahofia mashtaka. Nawaelewa, na nimewasikiliza. Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu ujao, na mimi nitaunga mkono.